Habari Iliyokuja kwa Miguu

Hapa Bulengera, mjini Butembo, watu wanamwita Mama wa Foni, na vijana wa siku hizi wanadhani ni kwa sababu anachajisha simu. Wanakosea, na mimi nimechoka kuwasahihisha. Jina hilo ni la zamani kuliko simu zote zinazolala kwenye rafu yake. Jina alilopewa na wazazi wake ni Kavugho. Tumekaa baraza moja miaka mingi, yeye na kibanda chake cha kuchajisha, mimi na mashini yangu ya kushona, hata wateja wake wakimkosa wananigeukia mimi kana kwamba ni mume wake. Mimi si mume wake. Mimi ni fundi wa nguo, nina mke na watoto, na mashini yangu inaendeshwa kwa miguu, haijui umeme wala mtandao. Siku ambazo umeme wa Butembo umekatika, watu wote wenye mashine za kisasa wanakaa wakipiga miayo, mimi ninaendelea kushona. Hiyo ndiyo furaha ndogo niliyobaki nayo duniani.

Kavugho alianza kazi wakati wa Zaire. Siku hizo hapakuwa na mnara wa simu hata mmoja katika vilima vyetu. Mtu wa Butembo akitaka kuongea na mtu wa Oicha alikuwa na njia mbili: kupanda lori, au kwenda kwenye foni. Foni ilikuwa redio ya kutuma na kupokea sauti, sanduku la chuma lenye vifundo vya kuzungusha na kifaa cha kusemea, betri za gari chini ya meza, na waya mrefu uliofungwa kati ya mikaratusi miwili. Mapadri walikuwa nayo, wafanyabiashara wakubwa wa kahawa walikuwa nayo, na kanisa letu la Kiprotestanti lilikuwa nayo pia, katika chumba kidogo nyuma ya bureau, ofisi ya mchungaji. Kavugho alikuwa msichana aliyetoka shule, mwenye sauti iliyopenya makelele ya hewani bila kupaza. Mchungaji akamsikia akisoma matangazo Jumapili, akamweka pale.

Asubuhi na jioni alikaa mbele ya sanduku lile akaita: Oicha, Oicha, Butembo anakuita, unanipata? Na Oicha alikuwapo mwanaume mmoja jina lake Kataliko, ambaye Kavugho hakuwahi kumwona kwa macho hata mara moja, akajibu kwamba anampata. Sisi tulijazana dirishani. Baba yangu alipoitwa kuongea na mdogo wake, alivua kofia kwanza, akasalimia sanduku kwa heshima, na baadaye njiani akaniambia kwamba yule hakuwa mdogo wake, kwa sababu mdogo wake asingeanza maneno bila kuuliza habari za mbuzi. Tulimcheka mpaka akafa. Lakini hapakuwa na siri. Kila mwenye foni kutoka Lubero hadi msituni alisikia kila neno, na msichana akijifungua mapacha Oicha, nusu ya jimbo ilijua kabla ya baba yao.

Kwa hiyo kifo hakikusemwa kwenye foni. Hakuna mkubwa aliyetoa amri hiyo. Kavugho na Kataliko walikubaliana wenyewe. Kataliko alisema tu, "Mama, kuna mzigo wa mkono," akataja jina la familia, basi. Kavugho alizima sanduku, akajifunga kitenge upya, akatoka. Hakwenda moja kwa moja kwa mama wa marehemu au kwa mjane. Alipita kwanza kwa mkubwa wa ukoo, kaka wa baba au mjomba, akamwambia. Kisha akapita kwa majirani wanawake wenye mikono ya kumshika mtu. Mmoja alitumwa kuwasha moto na kuteleka maji, kwa sababu wageni watakuja na hakuna atakayekumbuka. Hapo ndipo walipoingia wote pamoja, wakakaa, wakamkalisha mwenye msiba, na Kavugho akasema. Hakumwambia mtu habari ya kifo akiwa amesimama, wala akiwa peke yake. Ndivyo wazee wetu walivyofanya kabla ya redio yoyote. Yeye alikataa tu redio iibadilishe desturi hiyo.

Kazi hiyo ilimkondesha, si mwili, bali roho. Fikiri mwenyewe. Mwanamke kijana anapanda njia ya mtaa, na wanawake wanatoka milangoni wakishika vifua, wanamwangalia anapita nyumba ipi. Akiipita yako, unamshukuru Mungu, na huna hamu ya kumwita aje kunywa chai. Hata siku alipokwenda kununua chumvi watu walikunja nyuso. Alikuwa na rafiki mmoja wa shuleni, Rébecca, aliyeolewa juu huko mlimani. Rébecca alipozaa mtoto wake wa kwanza, Kavugho alichukua sabuni na nguo za mtoto akaenda kumtazama. Mama mzazi wa Rébecca alikuwa uani akianika majani. Alipomwona Kavugho akifika kwenye kiingilio cha ua, alipiga yowe, akadondosha ungo, akaanza kulia akiuliza nani amekufa. Kavugho aliweka sabuni chini palepale akageuka. Mtoto yule aliitwa Sadrack, na Kavugho hakukanyaga tena ua ule. Salamu zake alizituma kwa watu. Mimi nilizipeleka mara kadhaa, na kila mara niliona aibu ambayo haikuwa yangu.

Kisha minara ikaja. Nakumbuka jinsi tulivyosimama kutazama ule wa kwanza ukipanda kilimani, chuma juu ya chuma, wakati vita bado vinazunguka kila upande. Nilisema hautafika mbali. Lakini Kavugho alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza mtaani kununua simu, dude nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, na nilimwona akilishika kwa mikono miwili akicheka peke yake. Nilimuuliza anacheka nini. Alisema kwamba sasa kila mtu atapokea habari zake mwenyewe. Alisema hivyo kama mtu aliyefungwa miaka mingi akasikia mlango unafunguliwa.

Foni haikufungwa na mtu. Watu waliacha tu kuja dirishani. Asubuhi ya mwisho Kataliko aliita kutoka Oicha, akauliza kama anampata. Kavugho akajibu kwamba anampata vizuri. Wakanyamaza, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa na ujumbe wa mtu yeyote. Kisha wakaagana kwa adabu, wakazima. Kanisa likampa zile betri za gari badala ya zawadi ya kuagwa, naye akazileta hapa barazani, akaanza kuchajisha simu za watu. Baadaye akaongeza kipande cha kioo cha kuvuta umeme wa jua juu ya bati, kimoja kati ya vile ambavyo wafanyabiashara wetu wanavileta kutoka Asia.

Hapo ndipo nilipomwona Kavugho akipendwa. Watu waliomkwepa sasa walimkimbilia tangu asubuhi, wakigombea nafasi kwenye rafu, wakimwita mama, wakimletea viazi na ndizi. Alinenepa kidogo. Alikuwa na sharti moja: hapokei simu ya mteja hata ikiita mpaka ichoke. Ikiita, inaita. Alisema amekwisha kupokea za watu kiasi cha kutosha.

Ningependa kuishia hapa. Lakini simu hazikuishia hapo. Zikapata macho, zikaanza kupiga picha na kuzisambaza. Na huku kwetu, upande wa Beni na Oicha, watu wakaanza kuuawa mashambani na barabarani, mwaka baada ya mwaka, na picha zao zikawa zinafika kabla ya wao kuzikwa. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu alikuwa akikoroga bugali, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, alipomwona humo mume wake aliyeuawa. Bugali iliungua naye akaungua mkono, hakusikia. Niliapa siku ile nitatupa simu yangu chooni. Sikuitupa. Binti yangu Abigaïl anafundisha shule ya msingi huko Oicha, na kila jioni nasubiri sauti yake kama mtu anayesubiri dawa. Hivyo ndivyo simu zinavyotushika.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limelala hata kwenye nguo nilizokwisha kupiga pasi. Rébecca alikuja asubuhi mapema. Mume wake alikwisha kufariki, na yeye aliishi kwa kuuza maharage na vitunguu vya majani huko soko la Kimemi. Sadrack, yule mtoto wa sabuni, alikuwa kijana mkubwa sasa. Alibeba kakao kwa pikipiki kutoka mashamba ya Oicha kwenda kwa wanunuzi, na ndiye aliyemnunulia mama yake simu ya kioo. Rébecca alisimama mbele ya kibanda na kikapu chake, akaitoa.

"Unichungie hii telefone," alisema.

Kavugho aliitazama, akaona betri bado imejaa. "Mais batterie iko bado muzuri, Rébecca."

"Unichungie tu. Mi naenda ku soko." Akapiga hatua, akageuka. "Nyumba yangu unaiyua."

Kavugho akasema anaijua. Rébecca akaenda. Nilikuwa nakata kola ya shati na sikuona kitu zaidi ya mwanamke aliyechoka anayekwenda kazini. Hapa kwetu nani hajachoka? Nikaendelea na mkasi wangu.

Jua lilipopanda, simu ya Rébecca ikaita kwenye rafu. Kavugho akainama kusoma jina, akaniambia ni Sadrack. Ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Alijikunakuna shingo, akatazama pembeni, akashikilia sharti lake. Nilimtania kwamba siku moja Rais wa nchi atapiga hapo naye atamwacha aite. Hakucheka, na wakati huohuo simu yangu ikatetemeka mfukoni.

Ilikuwa picha, katika kundi letu la mtandaoni la watu wa mtaa. Barabara ya udongo msituni, pikipiki imelala, magunia ya kakao yamepasuka, na kando yake mtu amelala kifudifudi. Uso haukuonekana. Chini yake mtu alikuwa ameandika jina la Oicha na maneno ya kumlilia Mungu. Ningepita, kama tunavyopita, Mungu atusamehe. Lakini koti lilinishika. Lilikuwa koti la mvua la rangi ya machungwa, na begani lilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa bluu. Kiraka kile nilikishona mimi, hapa barazani, kabla ya Pasaka. Sikuwa na uzi wa machungwa, na Sadrack alikuwa na haraka, akasema shona tu, Fundi, pikipiki haichagui rangi.

Nikampelekea Kavugho simu mkononi. Aliiangalia, akaniangalia, nikamwonyesha kiraka kwa kidole. Aliweka mkono juu ya meza yake, taratibu, kama anayetafuta kitu gizani. Na palepale simu ya Rébecca ikaita kwa mara nyingine, na kioo chake kikaandika Sadrack.

Kavugho akaipokea. Tangu afungue kibanda alikuwa hajawahi kufanya hivyo.

Sauti ilikuwa ya kijana asiyejulikana, na iliuliza kama huyu ni mama ya Sadrack. Kavugho alivuta pumzi, na sauti iliyotoka kinywani mwake sikuwa nimeisikia tangu ujana wangu, ile iliyokuwa ikipenya makelele bila kupaza.

"Hapana. Huyu ni Kavugho wa Butembo. Mama yake hapana iko hapa. Nakupata muzuri. Sema polepole."

Kijana akasema. Alikuwa mwendesha pikipiki pia. Jana kabla ya magharibi wenye silaha walitoka msituni wakafunga njia ya mashamba. Wenzake walimkuta Sadrack alfajiri, wakampeleka hospitali ya Oicha ambako amelazwa na maiti wengine, na yeye amekuwa akimpigia mama tangu hapo kwa simu ya marehemu kwa sababu hakujua namba nyingine. Kavugho alimwacha amalize. Kisha akamwambia asimpigie tena mama yule, asimwambie mtu mwingine kwa simu, na awaombe wenzake waache kutuma ile picha.

"Hii iko muzigo wa mukono," akasema. "Nitaibeba miye."

Kijana hakuweza kuyajua maneno hayo. Alikuwa bado hajazaliwa yalipotumika mara ya mwisho. Lakini alimshukuru, na tukamsikia akianza kulia kabla simu haijakatika.

Kavugho akakaa kwenye kigoda. Viatu vyake vilikuwa pembeni, naye aliviangalia kama vitu vya mtu mwingine.

"Fundi," alisema, "nilizaniaka hii kazi ilikwisha."

Nilimwambia niende mimi. Nilisema mimi ni mwanaume, familia ninaijua, nitamchukua mchungaji, yeye abaki na miguu yake inayouma. Nilisema kwa haraka, na moyoni niliomba akatae, kwa sababu sikujua nitafungua mdomo vipi. Alikataa. Alisema Rébecca alimpa simu yeye. Akajifunga kitenge upya, akaifunga simu ile kwenye pindo lake, akaniomba nifunge kibanda, tukatoka pamoja.

Tulianza kwa Nzanzu, mdogo wa marehemu mume wa Rébecca, fundi wa kujenga. Tulimkuta kwenye ukuta anaoujenga, amekaa juu ya matofali na simu mkononi. Udongo wa kujengea ulikuwa umekauka kwenye karai. Alikuwa amekwisha kuona, naye pia alilijua koti. Alisema amekaa pale tangu alipoona, anafikiri aende kwa shemeji yake na aseme nini, na kila akisimama anakaa tena. Kavugho hakumlaumu. Alimwambia asimame sasa, kwa sababu hatakwenda peke yake. Mwanaume mzima akamfuata kama mtoto anayepelekwa shule. Njiani tukawachukua wanawake wawili, majirani wa Rébecca wanaoimba naye kwaya, na wao pia walikuwa wameona.

Tukateremka soko la Kimemi. Meza ya Rébecca ilikuwa imefunikwa na sheeting, lile turubai la plastiki, jiwe juu yake. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa kimya, na kimya sokoni ni kitu kibaya sana. Simu zao zilikuwa mapajani. Mmoja akatuambia kwa sauti ya chini kwamba Rébecca ameondoka mapema, hakuaga, hakumtazama mtu usoni, na kwamba hakuna aliyethubutu kumwambia. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Mtaa mzima ulikuwa na habari ile mkononi, watu wameisambaza kwa vidole kutoka kilima hadi kilima, na hakuna hata mmoja aliyepata miguu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliomba nikataliwe.

Tukapanda mlima. Ilikuwa kama zamani. Wanawake walitoka milangoni wakamwona Kavugho mbele, na Nzanzu nyuma yake, wakashika vifua. Niliona vijana wakiuliza mama zao kuna nini, na mama wakiwavuta ndani bila kujibu. Wale wazee walikumbuka. Kavugho alitembea akitazama chini, pumzi zake nzito, mkono juu ya pindo lenye simu. Nilijua anachopoteza. Kesho watu watamkumbuka kwa njia hii, na viazi na ndizi havitakuja tena kibandani.

Tulipofika nyumba ya Rébecca, Kavugho alisimama kwenye kiingilio cha ua, palepale alipowahi kuweka sabuni chini.

Ua ulikuwa umefagiwa. Mikeka ilikuwa imetandikwa mbele ya nyumba, na viti vya ndani vimetolewa nje vikapangwa. Kwenye mafiga palikuwa na moto, na juu yake sufuria kubwa ya maji, ile ya sherehe, ilianza kutoa mvuke. Rébecca alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mikono mitupu juu ya mapaja.

"Ingia, Kavugho," alisema. "Mama yangu alikufukuzaka hapo. Leo mi nakuita."

Kavugho hakusogea. Rébecca aliendelea kusema bila kupandisha sauti, akiwa amemtazama yeye peke yake, kana kwamba sisi wengine tulikuwa miti ya ua.

"Sadrack anipigiaka kila magaribi. Jana hakupiga. Leo asubui jina yake ikaita. Asubui yee hapana pigaka, asubui iko mu njia. Nikaangalia telefone, ikaita, ikanyamaza. Nikasema, kama nashika, nitabakia peke yangu na ile maneno mu mukono. Donc nikaipeleka kwako. Kama hakuna kitu, utanirudishia telefone. Kama kuna kitu, utakuja na batu." Akapapasa mkeka kando yake. "Ikaa sasa. Uniambie."

Kavugho aliingia. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akachukua ile mikono mitupu akaiweka ndani ya yake. Wanawake wa kwaya wakakaa nyuma ya Rébecca, mmoja kila bega. Nzanzu akakaa. Hata mimi nikakaa, kwenye kona ya mkeka, kwa sababu nilielewa kwamba hakuna anayetakiwa kusimama. Kavugho akamwambia yote, polepole, wapi na lini na nani waliomwokota, na kwamba amelazwa mahali pa heshima na wenzake wako pamoja naye. Hakuficha neno la kifo. Alilisema wazi, mara moja.

Rébecca alijua tangu asubuhi. Alikuwa amefagia ua na kutelekea wageni wa msiba wake mwenyewe. Lakini Kavugho alipolisema neno lile, alipiga yowe la mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, akaanguka mbele, na mikono mingi ilikuwapo kumpokea. Nililia pia. Sioni sababu ya kuficha.

Sadrack alizikwa Oicha, kwa sababu barabara haikuruhusu kumleta. Tulikaa matanga hapa, mlimani, na maji ya sufuria ile yalitumika yote. Kavugho alibaki kwa Rébecca mpaka matanga yakaisha, naye alipikiwa na kula katika nyumba ambayo hakuwahi kuiingia.

Nilidhani kibanda kitakufa. Nilikosea, kama nilivyokosea kuhusu mnara. Wateja walirudi, ila kuna jambo limebadilika ambalo hatulisemi. Asubuhi ambazo upande wa kaskazini umelala vibaya, na mitandao imejaa minong'ono, wanawake wanakuja na simu ambazo hazihitaji moto wa umeme. Wanazitoa wakitazama kando. Wanasema awachungie tu, na kwamba nyumba yao anaijua. Kavugho anazipokea, anazipanga kwenye rafu ya juu peke yake. Mfanyabiashara mmoja alikuja kumshawishi waweke sahani nyeupe juu ya bati lake, ile inayochota mtandao moja kwa moja kutoka angani, watu wapate picha haraka zaidi. Kavugho alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akamwambia miguu yake inauma, haraka zaidi ya hapo haiwezi.

Juzi Abigaïl wangu hakupiga jioni. Nilijiambia ni mtandao wa Oicha, unajulikana ulivyo. Mke wangu aliniuliza, nikamjibu vivyo hivyo. Asubuhi nilifika barazani, nikavua kitambaa kwenye mashini, nikatia uzi, nikautoa, nikautia tena. Simu ilikuwa mfukoni na sikutaka kuigusa. Mwishowe niliitoa, nikampelekea Kavugho. Betri yake ilikuwa imejaa.

Aliitazama. Hakuichomeka. Aliiweka kwenye rafu ya juu, kisha akainama akavuta viatu vyake karibu, akavivaa.